Aliyeponywa Asije Kanisani

Mdogo wangu aliponywa miguu siku ya sikukuu ya Mtume Petro, mbele ya umati uliojaza uwanja wa misheni, na Jumapili iliyofuata mama aliombwa asimlete tena kanisani.

Ili jambo hilo lieleweke inabidi nianze nyuma kidogo.

Tulikaa Nachingwea, karibu na kambi za zamani za karanga. Baba alikuwa ameletwa huko na kazi ya Wazungu waliokuja kung'oa msitu kwa matrekta ili walime karanga. Mpango ule ulipovunjika matrekta mabovu yaliachwa yakiota kutu, wafanyakazi wakatawanyika, na baba akaifuata kazi bandarini Mtwara. Alikuwa akija nyumbani kwa treni mara chache. Sisi tulibaki na mama katika nyumba ya udongo, mwendo mfupi kutoka kanisani.

Mama alizaliwa upande wa Ruangwa, karibu na Namungo, katika ukoo wa wakulima Waislamu. Alibatizwa alipoolewa. Kaka yake, mjomba wetu, alibaki katika dini yake na hakuwahi kumnunia dada yake kwa hilo. Kwa desturi ya Wamwera watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yao. Mjomba akisema, baba mwenyewe alinyamaza.

Mdogo wangu alishikwa na homa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Homa ilipoondoka, iliondoka na miguu yake. Siku zile tulisema kiwete, wala hatukuwa na neno jingine. Neno mlemavu nililisikia nikiwa mtu mzima. Baba alimtengenezea kigari kwa ubao wa sanduku na beringi alizookota kwenye matrekta yaliyokufa. Kilipiga kelele kiasi kwamba mama alijua tuko wapi bila kutuita. Kazi ya kukisukuma ilikuwa yangu.

Wavulana wa mtaani walimtania kila siku.

"Treni ya Mtwara hiyo! Pisheni reli!"

"Na wewe mbona unakimbia?" mdogo wangu alijibu. "Huna tiketi?"

"Mimi ni mzigo!" mmoja alisema akidandia nyuma.

"Mzigo wenye mdomo hausafirishwi. Dada, mtupe huyo mtaroni."

Alikuwa rika moja nao, alicheka nao, alikula nao. Na wote walikuwa wanakaribia umri wa jando.

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani jando ni kisu tu. Kisu ni sehemu ndogo. Wavulana waliingizwa kumbini, banda lililojengwa porini, wakafundishwa huko hadi vidonda vipone na maneno yaingie. Walipotoka, walitoka wanaume. Asiyepita huko angeweza kuota mvi na bado akaitwa mtoto. Wanaume wasingekula naye sahani moja, wala wasingemwachia nafasi kwenye msiba au kwenye posa. Misheni nayo ilikuwa na jando lake, lenye msalaba na sala, kwa sababu mapadre wa kwanza waliona kwamba wakilikataza watapoteza vijana wote. Kwa hiyo kwetu mvulana Mkristo aliingia jando la kanisa, na mvulana Mwislamu aliingia la kwao. Swali lilikuwa moja tu: mtoto wa kigari ataingia lipi?

Mjomba ndiye aliyelijibu kwanza. Alikuja na baiskeli wakati ufuta umeshakatwa, akakaa kwenye kigoda, akakubali maji, akakataa uji.

"Dada, mwaka huu tunaingiza wana," alisema. "Nimeshaongea na ngariba. Nimemwambia kuna mmoja atakuja mgongoni mwa mtu. Akasema, mgongoni mwa mtu au juu ya punda, mimi ninachokata hakiko miguuni."

Mama alijifunika uso kwa kanga kwa kucheka. Mdogo wangu alicheka zaidi.

"Nani atanibeba, Mjomba?"

"Mimi. Kwani wewe una uzito gani? Nimebeba magunia ya korosho mazito kuliko wewe, tena hayaniambii asante."

Walikubaliana. Lakini mwalimu wa dini alisikia, maana katika mtaa wetu habari haikuhitaji miguu, akaja jioni ile ile. Huyu mwalimu alikuwa mtu wa sauti nzuri na suruali iliyopigwa pasi. Ndiye aliyefundisha wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa, na kwaya, na ndiye aliyekuwa sikio na mdomo wa padre. Padre alijua Kiswahili, cha vitabuni lakini cha kutosha. Kimwera hakukijua.

"Mama, huyu ni mtoto wa ubatizo," mwalimu alisema. "Utampeleka kwenye kumbi ya watu wasio na msalaba?"

"Mwalimu, kumbi ya msalaba itamchukua?"

"Kwa nini isimchukue?"

"Mwaka jana nilikuuliza ukasema wana huingia kwa miguu yao, kwa mstari, nyuma ya msalaba."

"Mwaka jana ni mwaka jana. Mimi mwenyewe nitamsimamia. Tena nina kazi yake."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Somo wa kanisa letu alikuwa Mtume Petro, na sikukuu yake huangukia mwisho wa Juni. Mwaka ule alikuwa anakuja mgeni, padre mkuu wa upande ule, na mwalimu alitaka kuonyesha mbele yake jinsi Petro alivyomwinua kiwete mlangoni pa hekalu. Petro alikuwepo, fundi seremala mwenye ndevu. Makutano walikuwepo, yaani sisi wanakwaya. Kiwete alikosekana.

"Utakaa mlangoni pa kanisa," alimwambia mdogo wangu. "Petro atakushika mkono, atakuinua, atakuweka begani, na pale juu utasema: Bwana amenikumbuka. Watu wote watakusikia. Halafu mwezi wa saba utaingia jandoni na wenzako. Unasemaje?"

Mdogo wangu alimtazama mama.

"Nikiwa begani nitaona mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka kwenu Namungo," mwalimu alisema.

Mama alimpelekea mjomba salamu kwamba mtoto ataingia jando la kanisa. Mjomba alirudisha jibu kwa mtu aliyekuwa anakuja sokoni Nachingwea: Sawa. Kumbi yetu haitamsubiri, lakini kama yenu inamchukua, sawa.

Mazoezi yalianza. Nyumbani alilisema neno lake kwa kila sauti. Alilisema kama mzee mwenye pumu, akalisema kama mwadhini, na mara nyingine kama padre, kwa Kiswahili cha puani. Mama alimwambia aache kuchezea maneno ya Mungu, akasema hachezi, anatafuta litakalofika mbali.

Hapa kuna neno moja ambalo lazima nilieleze, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka humo. Wazee wa kanisa walimwendea mwalimu wakamwambia wamesikia kuna mchezo utachezwa kanisani. Kwetu mchezo ulikuwa mpira, au ngoma, au utani wa watoto. "Kanisani hakuna mchezo," walisema. Mwalimu hakutaka kugombana nao mgeni akiwa njiani. Basi Jumapili mbili kabla ya sikukuu alisimama akatangaza kwamba hakutakuwa na mchezo wowote. Kutakuwa na ushuhuda. Watu wote waalikwe, wa dini zote, waje waone kwa macho yao jinsi kiwete anavyoinuliwa.

Nilikuwa nimekaa upande wa wasichana, nikaona wazee wanaitikia kwa vichwa, wameridhika.

Siku mbili kabla ya sikukuu nilipita nyuma ya nyumba ya mwalimu kwenda kisimani. Kwenye kamba zilianikwa shuka mbili mpya za kaniki, sawa kabisa, zimekatwa tundu la kichwa kwa namna moja. Moja niliijua, ilikuwa vazi la mdogo wangu. Nilidhani ya pili ni ya akiba.

Siku ya sikukuu walikuja watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona kanisani kwetu. Walitoka Chiola, walitoka Marambo, wengine mbali zaidi, wengi wao Waislamu wenye kofia na vilemba, wamesimama kando ya uwanja kwa heshima ya wageni. Mgeni mkuu aliwekwa kwenye kiti pamoja na padre wetu. Mdogo wangu aliwekwa mlangoni kwenye mkeka, shuka kichwani, kigari kimefichwa sakristia, chumba cha mavazi ya padre. Alinyoosha mkono akaomba, na aliomba vizuri kiasi kwamba mzee mmoja wa Chiola alitoka kwenye umati akampa muhogo wa kuchoma. Watu hawakucheka. Mdogo wangu aliupokea akasema, "Asante, babu," akaufutika.

Petro akafika. Akasema maneno yake. Sisi makutano tuliambiwa tumzunguke kiwete tukiimba, jambo ambalo halikuwepo katika mazoezi isipokuwa zoezi la mwisho, ambalo mdogo wangu hakuitwa. "Imbeni kwa nguvu, tazameni juu," mwalimu alikuwa ametuambia. Nilitazama chini. Niliona mikono ya watu wawili wakubwa inamshika mdogo wangu kwapani na kumvuta nyuma, kuingia mlangoni. Niliona uso wake. Alikuwa bado anatabasamu, anadhani ndiko kuinuliwa. Kisha mtoto wa mwalimu, wa rika na kimo kile kile, akapita katikati yetu, ndani ya shuka ya pili, akalala pale pale kwenye mkeka.

Tukafunguka. Petro akamshika mkono. Mtoto wa mwalimu akasimama, akaruka, akaruka tena, akazunguka uwanja mbio, akapiga kelele: "Bwana amenikumbuka!"

Sijawahi kusikia umati ukitoa sauti kama ile. Wanawake walipiga vigelegele, mzee wa Chiola aliyetoa muhogo alikaa chini ghafla. Mgeni mkuu alipiga makofi, padre wetu naye alipiga makofi. Kwao ilikuwa wazi kwamba ni igizo. Kwa waliotoka mbali, waliokuwa wameitwa kuona ushuhuda, haikuwa wazi hata kidogo, na hakuna aliyesimama kuwaambia.

Mama alimkuta mdogo wangu sakristia, ameketi kwenye kigari chini ya kanzu zilizotundikwa.

"Mama, nimesema," alimwambia. "Walipofunga mlango nilisema. Hukusikia?"

Mama alimwendea mwalimu, nami nikiwa nyuma yake na kigari.

"Mwalimu, mbona umenibadilishia mtoto?"

"Mama, mgeni alitakiwa aone mtu akitembea. Angebebwa begani, wangeuliza, kapona au kachoka?" Alicheka kidogo. "Lakini kazi ya kuomba ameifanya vizuri kuliko wote. Hakuna ambaye angeweza kuomba vile."

"Na jando?"

"Neno langu ni lile lile."

Wiki ile habari ilitembea. Majirani zetu walijua ukweli, wakafanya utani kisimani. "Mama, huyu wako aliyeponywa mbona anaendelea kukaa?" mmoja alisema. "Au anapumzika baada ya kuruka?" Mama alijitwika ndoo akaondoka. Lakini nje ya mtaa wetu habari ilikuwa moja: kanisa la Nachingwea limemsimamisha kiwete, kila mtu amemwona.

Jumamosi mwalimu alikuja nyumbani, hakukaa.

"Mama, kesho watakuja watu wengi. Nakuomba mtoto apumzike nyumbani."

"Apumzike na nini?"

"Watu hawa imani yao ni changa kama mche wa tumbaku. Wakimwona kwenye kigari watavunjika moyo, watasema tumewadanganya."

"Hamkuwadanganya?"

Mwalimu aliangalia mlango wetu, ambako mdogo wangu alikuwa anasikiliza, akashusha sauti. "Ni kwa muda tu, mpaka jando. Ukisema huko nje, mambo yataharibika, na mimi sitaweza tena kumsimamia. Tuvumilie. Akitoka jandoni mwanaume, nani atauliza miguu?"

Mama alikubali. Nafahamu kwa nini alikubali: usiku na mchana alikuwa anafikiri jambo moja tu, kumbi. Kumbi ya mjomba ilikuwa imeshaanza. Ilibaki hii moja.

Kesho yake niliona jambo ambalo limenikaa kuliko mengine yote. Mwanamke mmoja wa Marambo alikuja na binti kipofu, anamwongoza kwa fimbo, yeye mbele, mtoto nyuma. Mzee wa Chiola, yule yule wa muhogo, alimbeba mjukuu mwenye mguu uliopinda. Kulikuwa na mvulana aliyekuwa akidondosha mate na kucheka peke yake, na msichana bubu aliyevalishwa gauni jipya. Nilikuwa nimekulia pale nikidhani mdogo wangu ni peke yake. Kumbe walikuwepo, kila mmoja ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyewahi kuwaita. Mwalimu aliwatandikia mkeka mbele kabisa, chini ya mimbari. Padre alishuka akawawekea mikono kichwani mmoja mmoja, macho yamemlowa. Nadhani yeye aliamini hatimaye kazi yake imeshika mizizi.

Baada ya sala yule mwanamke wa Marambo alimfuata mama.

"Wameniambia ni wewe mama yake."

"Ni mimi."

"Anatembea? Anakimbia kabisa?"

Nilimtazama mama.

"Yuko nyumbani," alisema.

"Lazima!" yule mwanamke alicheka kwa furaha. "Wangu naye akiona sitamkamata nyumbani. Atazunguka mpaka Lindi. Wewe huyo wako mfungie kamba!"

Walikuja Jumapili tatu au nne. Kila mara mkeka ulikuwa na watu wachache. Mzee wa Chiola alikuwa wa mwisho kuacha. Siku aliyoacha alimuuliza mwalimu kama kuna kitu mjukuu wake amekosea, maana yeye mwenyewe hasali huko, labda kosa ni lake. Mwalimu alimwambia aongeze imani. Mkeka ukakunjwa ukarudishwa sakristia, na watoto wale wakarudi ndani ya nyumba zao. Sikuwaona tena kanisani.

Kati ya Jumapili hizo mjomba alifika. Tulimsikia akipiga kengele ya baiskeli tangu mbali. Kwenye bomba la baiskeli alikuwa amefunga jembe jipya lenye mpini mfupi wa kimo cha mvulana. Mdogo wangu alikuwa uani anapepeta ufuta.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba hakuitikia. Aliiegemeza baiskeli, akamkodolea macho.

"Inuka nikuone."

"Niinuke vipi, Mjomba?"

"Usinitanie. Habari imefika Namungo mpaka sokoni. Nikauliza, ni mpwa wangu? Wakasema ndiye, yule wa kigari. Dada!" alimwita mama aliyekuwa jikoni. "Dada, nimesomesha dua! Nimechinja! Watu wamekula ubwabwa wangu wakamshukuru Mungu, hata shehe amelia. Sasa huyu kwa nini amekaa?"

Mama alitoka, akasimama mlangoni, mikono ina unga. Mdogo wangu ndiye aliyejibu.

"Iliyosimama ni shuka, Mjomba. Mimi nilikuwa sakristia."

Akamweleza yote, kwa kufuata mpangilio, hata muhogo hakuusahau. Mjomba alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye baiskeli, kisha kicheko kikakatika, akajifuta uso kwa kofia.

"Wamemtumia mtoto wangu kuomba," alisema, "halafu wakampa mwingine kupona."

"Kaka, wameahidi jando," mama alisema. "Ni wiki ijayo."

"Na wasipotimiza?"

"Ameahidi mbele yangu."

"Wangu wameshaingia, dada. Ngariba ameshakata na kwenda zake, kumbi imefungwa, sina mlango wa kumpitishia. Ningekuwa naye mwezi uliopita angekuwa ndani sasa hivi na wenzake, anaimba." Alimgeukia mdogo wangu, sauti ikapungua. "Marahaba, mwanangu. Sikuwa nimekuitikia."

Hakulala. Alilifunga jembe tena kwenye bomba akaondoka nalo.

Jumamosi kabla ya jando, wavulana wote waliitwa sakristia mmoja mmoja. Padre aliwauliza kila mmoja kama anaingia kwa hiari yake, hiyo ilikuwa kanuni. Mwalimu aliketi kando yake, kwa sababu baadhi ya watoto wa vijijini Kiswahili kiliwapiga chenga na ilibidi watafsiriwe. Mdogo wangu aliitwa wa mwisho. Nilimsukuma hadi kizingitini, mwalimu akamvutia ndani, akafunga mlango. Mama na mimi tulisubiri ukutani. Nilisikia sauti ya padre ikiuliza. Nilisikia sauti ya mdogo wangu, maneno machache, na kilichonishangaza ni kwamba hayakuwa ya Kiswahili. Yalikuwa ya Kimwera, lakini mlango ulikuwa mnene, sikuyashika. Halafu mwalimu akasema kitu, halafu kiti kikasogezwa.

Walipotoka mwalimu alisimama mbele ya mama na mikono nyuma.

"Nimejitahidi, Mama. Padre amekataa."

Mama aliinama kumtazama mwanawe. Mdogo wangu alikuwa anaangalia gurudumu la kigari.

"Amekataaje?" mama aliuliza. "Kwa sababu gani?"

"Amekataa tu. Wazungu wana sababu zao."

Kwa mwanamke wa siku zile kumfuata padre nyumbani kwake halikuwa jambo dogo. Mama alikwenda, nami nikaenda naye. Padre alikuwa barazani anakunywa chai, akatukaribisha, akamvutia mama kiti mwenyewe. Mama alikaa chini sakafuni.

"Padre, nimekuja kuuliza kwa nini umemkataa mwanangu."

Padre aliweka kikombe. "Mimi? Sikumkataa. Mimi nilikuwa nimekwisha kubali. Nilimwambia mwalimu atafutwe mtu wa kumchukua. Nilimuuliza mtoto, naye akasema hataki."

"Alisema hataki?"

"Alijibu kwa Kimwera. Mwalimu akanieleza maana yake kuwa hataki kuingia."

"Padre, mwanangu anajua Kiswahili. Anasoma sala zote kwa Kiswahili. Anakuigiza wewe kwa Kiswahili."

Padre alikunja uso, nikadhani amekasirika, lakini alikuwa anafikiri. "Ndiyo," alisema. "Mimi pia nilishangaa."

Aliahidi kumuuliza mwalimu. Kama alimuuliza, hatukuambiwa. Mama alipomuuliza mwalimu mwenyewe, mara moja tu, nje ya kanisa, mtoto alisema neno gani, alijibu kwamba yanayosemwa sakristia hayatoki sakristia.

Wavulana waliingia kumbini Jumatatu, kwa mstari, nyuma ya msalaba, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele, mtoto wa mwalimu akiwa wa kwanza. Walipita mbele ya nyumba yetu. Hakuna aliyetania. Walipotoka walivaa nguo mpya na walikuwa na namna mpya ya kusimama. Mmoja wao, yule aliyezoea kudandia kigari, alikuja uani kwetu akakuta sahani ya ugali katikati. Mdogo wangu alimsogezea. Alisema ameshiba. Ilikuwa desturi, hakuwa na namna. Hakuja tena.

Mama hakuacha kanisa. Alikwenda kila Jumapili, akakaa nyuma, na ilipofika zamu ya kusalimiana kwa amani alikuwa anatoka nje. Mwaka uliofuata mjomba alikuja kumchukua mdogo wangu akaishi naye Namungo. Kwao jando lingine halikuingizwa kwa miaka kadhaa, na lilipoingizwa yeye alikuwa na ndevu, akasema hataki kukaa na watoto. Alitahiriwa hospitalini, kwa sindano ya ganzi, bila wimbo. Alioa huko, akasilimu, au alisilimu ndipo akaoa; mpangilio wake sijauhakikisha. Kigari kiliisha, akapata kiti cha magurudumu matatu. Ana meza ya kutengeneza saa sokoni Ruangwa, na wazee wa hapo wanamwita kwa heshima zote, isipokuwa kwenye mambo yale machache ambayo hawamwiti.

Nimejaribu kulifuata jibu lake la sakristia kama mtu anavyofuata nyayo. Niliwauliza waliokuwa kumbini mwaka ule, wakasema mwalimu hakuligusia. Mke wa mwalimu nilimwendea akiwa mjane. Alinipa maji, akasema mumewe alikuwa mtu wa siri. Padre alirudi kwao mapema sana, kabla sijajua kwamba siku moja nitataka kuuliza.

Waliolisikia jibu lile walikuwa watatu. Mmoja alilisikia bila kulielewa. Mmoja alilitafsiri, na amekufa. Wa tatu nimemuuliza mara nyingi, mara ya mwisho mezani kwake, lenzi ikiwa jichoni: alisema hataki, au alisema nini, na kwa nini kwa Kimwera? Aliitoa lenzi taratibu, akaniuliza kama nimeshakula.